Bila Sukari

Siku niliyokubali kufuta maneno mawili kwenye orodha yetu, nilikuwa mzima wa afya, nimekula, na hakuna aliyenishikia bunduki. Naandika hivyo mwanzoni ili msinitafutie sababu. Daktari mkuu alisukuma karatasi upande wangu wa meza, akaniuliza kama nakubali, nami nikachukua kalamu. Ningeweza kukataa. Ningeweza hata kusema, "Dokta, tuiache mpaka kesho," naye angeiacha, maana alikuwa mtu wa kusikiliza. Sikusema. Niliamini kwamba mtu mwangalifu ndivyo anavyofanya.

Ninyi mnaokaa sasa kwenye kile chumba cha mawasiliano hapa mjini Baraka mliniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Ofisi yenyewe sitaitaja, mnaijua. Vyeo na mishahara naviacha, havikuwa vingi kiasi cha kujaza ukurasa. Nitaandika juu ya redio, tuliyoiita foni, juu ya mtu aliyenifundisha, na juu ya maneno.

Nilianza nikiwa na diplome yangu ya sekondari kwenye bahasha na viatu vya kaka yangu. Chumba kilinuka asidi ya batri. Kulikuwa na meza moja, redio yenye kioo kilichopasuka, batri ya gari, na waya wa antena uliotoka dirishani ukafungwa kwenye mchikichi, na ncha ya pili kwenye paa la nyumba ya kuzalishia. Mzee aliyekaa pale aliitwa Papa Sumaili. Hakunyanyuka.

"Banakuambia hii kazi iko ya kusema?" akaniuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Banakudanganya. Iko ya kusikia. Kaa pale."

Nilikaa pale wiki mbili bila kugusa maikrofoni. Nilisikiliza Fizi, Kazimia, Lusenda na vituo vidogo vya milimani kwenye njia ya Minembwe, ambako simu haikufika na mpaka leo haifiki. Kila asubuhi na kila mchana vituo viliita kimoja kimoja. Nilijifunza kutambua sauti ya mtu aliyelala njaa na sauti ya mtu ambaye ana mtu mwingine amesimama nyuma yake. Nilijifunza kuongeza maji ya mvua kwenye batri, kwa sababu maji yanayostahili yalikuwa yanaagizwa Bukavu na hayakuwahi kufika. Nilijifunza kuandika saa na dakika ya kila ujumbe kwenye daftari. Papa Sumaili alisema mtu anasahau, daftari halisahau. Alisema kweli, na mimi leo natamani lingesahau.

Vita vilipotukuta, kazi ilibadilika. Kila aliyekuwa na redio kama yetu aliweza kutusikia, na wenye bunduki walikuwa na redio nzuri kuliko sisi. Asubuhi moja kituo cha Kazimia hakikusikia vizuri ujumbe wa Fizi, kikaniomba nirudie. Nikarudia, polepole na kwa sauti kubwa, kama mwalimu wa imla: gari la dawa linatoka saa fulani, linapita njia fulani, lina watu watatu. Gari lilingojewa hukohuko. Muuguzi mmoja hakurudi. Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa ndivyo wote tulivyosema wakati ule. Lakini Papa Sumaili alichukua daftari jipya, akakaa nalo siku nzima, na jioni alikuwa ametunga orodha.

Maneno yenyewe yalikuwa ya nyumbani, ili anayesikiliza adhani watu wanazungumzia familia. Mvua ilikuwa risasi. Ndizi zilikuwa dawa. Shangazi alikuwa daktari mkuu, naye hakulipenda hilo. Samaki walikuwa chanjo. Mto ulikuwa barabara: mto umejaa, maana yake njiani kuna watu wenye silaha, mto umekauka, maana yake njia ni huru, gari lipite. Na mwishoni mwa orodha Papa Sumaili aliandika maneno mawili peke yake: bila sukari. Mtu akianza kwa kusema "bila sukari", basi yote yanayofuata ni kama yalivyo, mvua ni mvua na ndizi ni ndizi.

"Siku moja utataka kusema mvua inanyesha," akaniambia, "na itakuwa mvua."

Sitaki mtu asome kumbukumbu hizi akadhani naudharau uangalifu. Orodha ile iliokoa watu ninaoweza kuwataja kwa majina. Niliwahi kurudisha gari kwa maneno mawili, mto umejaa, na wauguzi waliokuwa ndani yake wana wajukuu sasa. Wakimbizi wa Burundi walipoanza kukaa Lusenda na magari yakaongezeka barabarani, tulipitisha ndizi nyingi sana bila kupoteza hata katoni moja. Na maneno yale mawili ya mwisho yalifanya kazi yake. Siku moja Fizi iliita: "Bila sukari: mvua imebomoa paa ya maternite, bamama banalala inje." Tukatuma mahema ya wale wazazi. Bila maneno yale tungejificha chini ya meza na kungoja risasi ziishe.

Tulikuwa na vichekesho pia. Mtu wetu wa Kazimia, friji yake ilipozima, alitangaza dirisha likiwa wazi kwamba samaki wote wameoza. Wauza samaki waliokuwa wakipita wakasikia. Kabla ya mchana soko lilikuwa limevurugika, na akina mama walisimama mlangoni kwake na mabeseni wakitaka kujua ni samaki wa nani. Kwa kuwa hakuruhusiwa kufafanua, alijibu kwamba alikuwa anazungumzia samaki wake mwenyewe. Wakamwuliza aliwavua na mtumbwi gani. Tulicheka mwezi mzima. Nilipaswa kucheka kidogo na kufikiri kidogo.

Miaka ikapita, Papa Sumaili akawa karibu kupumzika, nami nikawa mkubwa wa chumba. Akaja daktari mkuu mpya kutoka Bukavu, mtu mwerevu, na siku moja akatuita wote wawili.

"Papa Wilondja," akaniambia, "hii 'bila sukari' iko inasemwa hata mu soko. Jana mutu wa pikipiki amenipa bei, akasema ni bei bila sukari. Sasa hii ni siri gani?"

Ilikuwa kweli. Maneno yale yalikuwa yametoka nje ya chumba, watoto waliyatumia kwenye michezo yao. Daktari alikuwa ameandaa orodha mpya, safi, imepigwa chapa, na maneno yale hayamo. Papa Sumaili aliisoma mpaka mwisho, akaigeuza kuangalia nyuma yake.

"Kufuta, mufute," alisema. "Lakini mutie ingine pa nafasi yake. Ile neno ndiyo mulango. Mutu akiwa ndani na nyumba inawaka, atatokea wapi?"

"Tutatafuta ingine, Papa," nikasema.

"Lini?"

"Polepole."

"Aa. Polepole." Akachukua kofia yake akatoka.

Nikatia sahihi. Na kwa kuwa nilitaka daktari aone kwamba nafikiri mbele, nilipendekeza sheria moja zaidi, akaiandika chini kwa mkono: ni marufuku kufafanua neno lolote hewani, anayefafanua akatwe. Neno la kuchukua nafasi ya yale mawili hatukulitafuta. Kila nilipokumbuka, niliona afadhali tusiharakishe.

Kukata mtu ilikuwa rahisi. Kwenye foni zetu, ukibonyeza maikrofoni wakati mwenzako anasema, unamfunika. Hakuna anayesikia kitu. Nilikata watu wengi mwaka ule, na nilijivunia jinsi miito yetu ilivyokuwa mifupi.

Baadaye akaletwa kwangu muuguzi kijana aliyeitwa Esperansi. Alikuwa amepangiwa kituo cha juu, karibu na korongo ambamo mto hushuka kuelekea kwetu. Nilimfundisha orodha kwa siku tatu. Alikuwa na akili ya kuuliza.

"Papa, na kama muto yenyewe imejaa, nitasema je?"

"Utaandika barua," nikamjibu.

Wote chumbani walicheka. Yeye pia alicheka, kwa heshima. Barua kutoka kule ilichukua siku mbili kwa miguu.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Ilikuwa majira ya mvua, na ilikuwa imenyesha siku tatu milimani bila kupumua. Mke wangu, Josefina, alipata habari kwamba shemeji yake, mume wa dada yake, amefariki katika kijiji kilicho ng'ambo ya mto. Alfajiri alikuwa amekwisha kufunga kitenge chake cha msiba.

"Kijana wa jirani iko ananingojea na pikipiki," akasema.

"Pikipiki hapana. Gari ya chanjo inaenda kulekule. Deo atakubeba."

"Gari yenu inatoka saa mbili. Mi niko na kilio."

"Gari iko na foni. Kama njia iko mubaya, nitajua."

"We unaogopa kila kitu, Baba Furaha."

"Naogopa juu yako."

Akaniangalia, akafungua tena kitenge, akakaa kungoja gari. Katika miaka yetu yote ya ndoa sikuwahi kumruhusu kupanda pikipiki. Kijana wa jirani alimpeleka mtu mwingine. Walivuka mto mapema, maji yakiwa magotini, wakafika.

Gari liliondoka na Deo dereva, muuguzi Bahati, masanduku ya baridi, na mke wangu nyuma. Daraja la mto ule lilikwenda na maji zamani, kwa hiyo magari hushuka mtoni na kuvuka juu ya mawe. Saa tatu na dakika kumi na mbili, daftari linasema hivyo, kituo cha juu kilituita kwa jina letu la hewani.

"Nyumbani, Nyumbani, hapa Juu."

"Juu, nakupata vizuri, tano kwa tano. Sema."

"Muto umekauka."

"Nimepokea. Mto umekauka."

"Hapana, Papa, sikia. Si ile ya orodha. Ni maji, maji yenyewe haiko, mulima ime—"

Nikabonyeza maikrofoni. Sikusikia zaidi ya hapo. Nilipoiachia, alikuwa bado anasema, nikabonyeza tena, na alipotua nikamwambia: "Juu, umevunja sheria. Zima mpaka mwito wa mchana. Mwisho." Nikaandika kwenye daftari: njia huru, na pembeni yake, kwa kalamu nyekundu, onyo kwa Juu.

Halafu nikahamia masafa ya gari. Gari letu lilikuwa na masafa yake, kwa hiyo Deo hakuwa amesikia chochote.

"Deo, mto umekauka."

"Nimepokea, Papa. Tunaendelea."

Dakika thelathini na nne baadaye Deo aliita mwenyewe, anacheka.

"Nyumbani, tuko kwa kivuko. Papa, leo hata muto mwenyewe umekauka kweli. Bamama banaokota samaki na mikono. Tumekwama kidogo mu matope, tunasukuma tu."

Nyuma yake nilisikia sauti ya Josefina ikisema jambo ambalo sikulielewa.

"Deo, hewani hatuchezi," nikasema. "Mwisho."

Nikaweka maikrofoni chini. Nilikuwa nimeanza kunywa chai. Kisha nikawaza kwamba mto haukauki katika majira ya mvua. Mto ukikauka wakati mvua inanyesha, kuna kitu kimeuziba huko juu, na kitu hicho hakitauziba siku nzima. Nikaelewa Esperansi alikuwa anasema nini. Nilielewa yote, mpaka lile neno lililokatika: mlima umeporomoka.

Na hata hapo sikuliita gari. Hili ndilo ninalotaka mlisome mara mbili. Nilifungua daftari kuangalia nilivyoandika. Niliwaza kwamba nikimtisha Deo bure, nikavunja sheria niliyoitunga mwenyewe, nitaonekanaje. Niliona afadhali nihakikishe kwanza kwa aliyeuona mto huko juu. Nikarudi kwenye masafa ya vituo, nikaita Juu mara tatu. Hakukuwa na jibu. Esperansi alikuwa amezima redio, kama nilivyomwamuru. Nikahamia tena kwa gari. Kati ya Deo kuniita na mimi kumwita kuna dakika saba.

"Deo, tokeni mtoni. Acheni gari, tokeni. Deo."

Niliita mpaka mchana. Saa ya mwito wa mchana, Esperansi akawasha redio yake kwa wakati, bila kuchelewa hata dakika moja.

Yaliyotokea kivukoni niliyapata kwa mwanamke mmoja aliyekuwa amepanda ukingoni kupeleka beseni lake la samaki. Alisema walisikia sauti kama ya malori mengi. Deo alikuwa nyuma ya gari anasukuma, Bahati yuko kwenye usukani, na mke wangu alikuwa ameshika viatu vyake mkononi ili visichafuke. Alisema maji yalikuja yamesimama, na miti ndani yake. Deo tulimpata siku iliyofuata, Bahati siku ya pili. Josefina tulimpata siku ya nne kwenye matete, karibu na mahali mto unapoingia ziwani. Akina mama waliokuwa wakiokota samaki sijui idadi yao, maana hawakuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Ripoti ya ofisi ilisema maji ya ghafla. Daktari alilia mbele yangu, na mimi ndiye niliyembembeleza. Katika ripoti hiyo kuna mstari unaosema mawasiliano yalifuata utaratibu. Ni kweli, yaliufuata.

Esperansi alishuka kwa miguu kuja kwenye kilio. Alikaa na wanawake siku mbili bila kunisogelea. Siku ya tatu alikuja nilipokaa, akapiga magoti kunisalimia, kisha hakusimama.

"Papa, nilikuambia ni maji."

"Nilikusikia, mama."

"Sasa ningesema je? Unipe neno tu. Ile ningesema, unisikie."

Nilitafuta. Naapa nilitafuta kwenye orodha yote, neno kwa neno, kama mwanafunzi mbele ya ubao. Halikuwepo. Aliona kwamba natafuta, akaona sipati. Akanyanyuka. Aliacha kazi mwezi uleule, na sasa analima kwa wazazi wake.

Papa Sumaili alikuja pia, akitembea na fimbo. Nilimngojea aniambie kuhusu mlango. Alikaa kando yangu tangu asubuhi mpaka watu walipoanza kuondoka, halafu akaniuliza kama nimekula.

Mimi niliendelea na kazi miaka mitatu baada ya hapo, kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine. Wiki ya kwanza niliporudi nilitoa ukutani ile orodha iliyopigwa chapa, nikaandika nyingine kwa mkono. Daktari aliniachia. Kwenye orodha mnayotumia leo kuna neno la kuyavua mengine yote maana zake za siri, nanyi mnalijua, sitaliandika hapa. Libadilisheni kila mnapoona limetoka nje, lakini msikae hata siku moja bila kuwa nalo. Na mtu akianza kufafanua, mwacheni amalize. Atakayesikia bila haki, asikie. Kuna siku mtapoteza katoni ya dawa kwa sababu hiyo. Ipotezeni.

Nimejiuliza mara nyingi kama ule ulikuwa uangalifu au kitu kingine nilichokipa jina hilo. Kwanza ulikuwa uangalifu kweli: niliogopa mtu mwingine asife kwa sababu ya mdomo wangu. Sijui ni lini uligeuka. Mwishoni nilikuwa naogopa jambo moja tu, kukosea, na nilikuwa na sheria nyingi za kunilinda nisionekane nimekosea. Watu waliokuwa barabarani nilikuwa nawaandika tu, na saa zao.

Gharama yake ni hii. Sahihi yangu ilimuua Josefina, mke wangu wa miaka ishirini na sita. Ilimuua Deo, aliyeacha mke na watoto sita, na Bahati, ambaye alikuwa bado hajaoa. Iliwaua akina mama ambao majina yao sikuuliza. Binti yetu Furaha aliomba aone daftari la siku ile. Alihesabu zile dakika saba mwenyewe, kwa kidole, akalifunga, akanirudishia. Anakaa Fizi, si mbali. Hajafika kwangu tangu siku hiyo, na wanawe hawanijui. Ninaishi peke yangu katika nyumba ya vyumba vitatu, na ninapika mwenyewe.